Mstari wa Mwisho wa Hukumu

Dodoma,
14 Machi 2008

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, kifua kimetulia, na Mama anaendelea vema na goti lake. Mimi na wajukuu zako hatujambo. Tumesikia mvua za Kibakwe zimekuwa njema mwaka huu. Huku tumepata za kuhesabika, lakini uwele umesimama.

Najua umestaajabu kuona mkono uliokuletea barua hii. Ni mkono wa Mzee Yotham, karani wa zamani wa Mahakama ya Mwanzo, ambaye hujamwitikia salamu kwa miaka ishirini na minne. Nakuomba jambo moja tu: asiondoke uani kwako kabla hujaufikia mstari wa mwisho.

Kama nilivyokueleza Krismasi, wenzangu walinipa jukumu la kutetea andiko la kuanzisha Shule Kuu ya Sheria katika chuo chetu hiki cha umma. Jana Baraza la Chuo liliwaita wananchi kutoa maoni. Laiti ungeuona ukumbi ule, Baba! Kilima ambacho juzijuzi kilikuwa vichaka vya miiba na njia za mbuzi, leo kimebeba majengo ambayo ukiyatazama kofia inataka kuanguka. Walikuja wavuvi wa Mtera, wafugaji wa Mpwapwa, wakulima wa Kondoa waliovaa kanzu zao za Ijumaa. Watu ambao sheria huwafikia kwa barua ya wito tu walikuwa wameketi viti vya mbele, wakiulizwa wanataka nini. Nilisimama mlangoni kwa muda nikiwatazama.

Mjumbe mmoja wa Baraza, Bwana Fabian, alipinga vikali. Alisema hizi ni zama za soko huria, na anayetaka wakili akamnunue kama anavyonunua simu; Dodoma inahitaji maji, haihitaji wanasheria. Hapo mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kondoa, Bi Kuluthumu, akaomba ruhusa. Alisema kijijini kwao maji yaliletwa mwaka juzi, na tangu siku hiyo nusu ya kijiji imeishitaki nusu nyingine kwa sababu ya bomba. Akamwomba Bwana Fabian alete maji, naam, lakini kwenye lori hilohilo apakie na mwanasheria. Ukumbi mzima ulicheka, na Bwana Fabian mwenyewe akacheka mpaka akatafuta leso.

Kisha mwenyekiti, Profesa Ambokile, akaliita jina la Mzee Yotham. Sikujua kwamba angekuja. Alisimama taratibu, kofia mkononi. Alisema alipewa ukarani kwa sababu ya mwandiko mzuri, akaufanya miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyemfundisha sheria hata siku moja. Alisema yuko mkulima mmoja ambaye hajamtoka moyoni. Alimpa nakala ya hukumu, lakini hakumweleza kwa mdomo kwamba ana siku thelathini za kukata rufaa; alidhani yatosha kwa kuwa imeandikwa. Mkulima huyo akapoteza shamba lake la bondeni, akamlaumu hadi leo. Mzee Yotham akasema kwamba analaumiwa kwa haki, kwani mtu ambaye hakuelezwa haki yake hajapewa. Hakukutaja jina, Baba. Akaketi.

Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Nilikuwa na hotuba ya kurasa nane, na katika ukurasa wa tatu nilikuwa nimeandika habari zako: jinsi karani alivyokuficha siku zako. Habari hiyo nimeisimulia katika mikutano mingi, na kila mara nimepigiwa makofi. Jana sikuweza kuufungua ukurasa ule.

Baba, Mzee Yotham hakukuficha kitu. Ni mimi.

Unaikumbuka siku uliyorudi na hukumu umeifunga kwenye kitambaa. Ba'mdogo na majirani walikuwapo, nawe ukawaambia waketi wasikie, kwamba binti yako wa darasa la sita anakisoma Kiswahili kama Mkuu wa Wilaya. Nilisoma, nikawafasiria kwa Kigogo, nanyi mkaitikia. Nilipofika mstari wa mwisho nikakuta neno rufaa. Sikulijua. Nilikutazama, nikaona ulivyokuwa ukinionea fahari mbele za watu, nikaona haya kusema sijui. Nikakuambia kwamba hapo chini ni saini na mhuri tu. Ukaikunja karatasi.

Baada ya mavuno ulikwenda mahakamani, ukaambiwa siku zilishapita. Ulirudi ukimlaani Mzee Yotham, nami nilikuwa nyuma ya ghala nikisikia. Wakati huo nilikwisha kumwuliza mwalimu maana ya neno lile. Nikanyamaza. Nilinyamaza ulipohama benchi kanisani ili usikae naye. Nilinyamaza hata alipofiwa na mkewe nawe ukakataa kwenda msibani. Na wewe uzeeni ukajifunza kusoma, ili asiwepo tena wa kukusomea. Wewe huwaambia watu kwamba nilisomea sheria ili nikulipie kisasi. Nilisomea sheria kwa sababu ya mstari ule mmoja.

Haya yote niliyasema jana mbele ya ukumbi ule, bila karatasi. Nikaongeza kwamba shule tunayoiomba ni ya karani na ya binti wa darasa la sita kabla ya kuwa ya wakili. Profesa Ambokile alivua miwani, akaifuta, ndipo akaita kura. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Bwana Fabian. Andiko limepita, sasa linakwenda kwa wakubwa wa juu.

Nje, kwenye ngazi, nilimpigia magoti Mzee Yotham. Aliniinua. Aliniambia kwamba hakuwahi kujua. Miaka yote hiyo aliamini kosa ni lake, na kila alipokutana nawe njiani alikiri moyoni mwake upya. Wala hakunikemea, Baba. Aliniuliza tu kama wewe unajua. Niliposema hapana, akaniagiza nikuandikie, akasema kwamba Jumamosi anapanda basi la Kibakwe, barua ataibeba mwenyewe, maana ni muda mrefu anatafuta sababu ya kuingia lango lako.

Shamba halitarudi, najua. Nitakuja Pasaka, uniambie lolote utakalo, nitalipokea nimepiga magoti.

Mfikishie Mama shikamoo yangu, na mdogo wangu Emilia mwambie kitenge chake nimekipata. Wajukuu wanakuamkia. Salamu iliyobaki si yangu. Inua macho, Baba. Mzee Yotham yupo hapo mbele yako, na bila shaka alipoingia alikusalimu kwa Kigogo chetu, mbukwa, kama alivyokusalimu miaka yote.

Mwitikie.

Mwanao mtiifu,
Dorkasi