Kwa Wakesho, Kuhusu Mtoto Waliyemwita Bubu

Abaayo Wakesho, dada yangu,

Hapa mtaani Iftin, Garissa, mvua imenyesha jana na leo, na matope yamefika mpaka mlangoni pa kile chumba ulichokuwa umepanga. Mwenye nyumba amekipaka rangi ya buluu. Anaishi humo kijana anayetengeneza simu. Kila nikipita asubuhi naugeukia mlango, maana shingo yangu bado haijapata habari kwamba hutatoka na kikombe chako cha chai ya rangi, ukiniuliza kama gari limetiwa mafuta.

Mama yangu ameniona nikiandika. Anasema aliyekufa haandikiwi barua, anaombewa dua. Nimemwambia dua nimeomba. Haya mengine ni mambo ya kazi, na nani mwingine nitamweleza akayaelewa?

Nakukumbuka siku uliyoshuka kwenye basi pale Garissa, umefunikwa na vumbi mpaka kope, umetumwa kutafiti kwa nini watoto wengi wa huku wanamaliza nasari na kuingia gredi ya kwanza bila kufungua mdomo. Mimi nilikuwa mwalimu wa nasari niliyeazimwa niwe mkalimani wako. Nilikuwa nimejizoeza salamu tangu asubuhi, lakini ulimi wetu wa Kisomali unaujua mwenyewe, p kwetu hugeuka b. Nikakuambia, "Bole na safari." Ukanitazama kwa uso mkavu kabisa, ukajibu, "Nimeboa." Nilicheka mpaka nikashikilia ukuta wa stendi. Tangu siku ile sikukuogopa tena, ingawa ulikuwa umesoma vyuo viwili na mimi cheti tu.

Kisomali kilikushinda, abaayo. Tuseme ukweli. Ulichoweza ni kuhesabu mpaka kumi, na hata hiyo walikufundisha watoto wa hapa mtaani, mmekaa kwenye mkeka mnachezea mawe. Kow, laba, saddex. Ulikuwa unaimba njia nzima kwenda Wajir, mpaka dereva wetu Kuno akaomba angalau ufike ishirini apate kitu kipya.

Safari ninayotaka kuizungumzia ni ile ya Hadado.

Shule ilikuwa nje kidogo ya kituo, madarasa ya mabati na tangi moja la maji. Tulikuwa tunapima watoto mmoja mmoja: taja picha hizi, hesabu hizi, niambie hadithi fupi. Asiyejibu, kanuni ilisema, apewe sifuri na tuendelee na mwingine. Zamu ya msichana aitwaye Tume ilipofika, mwalimu wa nasari alituonea huruma. "Huyo msipoteze wakati naye," alisema. "Ni bubu. Hata dugsi, kule madrasani, anakaa tu, wenzake wakisoma Kurani yeye anatazama."

Wewe ulilipenda jina lake. Ukasema wenzetu serikalini wanaunda tume za watu wazima na hazizungumzi, sembuse hii ya miaka sita. Lakini mtoto hakucheka. Nilimuuliza kwa Kiswahili, akatazama vidole vya miguu yake. Nikamuuliza kwa Kisomali, polepole, kwa sauti ninayotumia kwa wapwa zangu. Vidole vya miguu. Nilishika kalamu niandike sifuri, nawe ukaweka kiganja chako juu ya karatasi.

"Ngoja kwanza," ulisema. "Hajakataa. Hajajibu tu."

Ukarudisha makaratasi yote garini. Ukavua viatu, ukakaa mchangani kwenye kivuli cha darasa, hatua chache kutoka kwake, ukaanza kuchezea mawe peke yako kana kwamba hakuna mtu. Mimi nilikwenda kuzungumza na mwalimu. Nilidhani umechoka na jua.

Sijui ulikaa pale kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba tulikuwa bado tunazungumza ulipotokea ukikimbia pekupeku, wewe uliyekuwa unatembea kama bibi harusi.

"Hodhan, anahesabu!"

"Anahesabu nini?"

"Sijui! Mawe! Lakini hasemi kow. Anaanza na kitu kama tokko. Hicho si Kisomali chenu."

Nilisimama kama nimemwagiwa maji. Tokko, lama, sadi. Yeyote aliyewahi kununua maziwa sokoni Wajir amesikia hesabu hiyo. Mtoto alikuwa Mborana. Darasa zima lilikuwa la Wasomali, mwalimu Msomali, mimi Msomali, wimbo wa asubuhi wa Kiswahili, na yeye amekaa katikati yetu sote kama mgeni aliyesahauliwa ukumbini. Mjomba wake ndiye aliyemleta na kumwandikisha, akarudi kwa mifugo. Familia ilikuwa imehamia pale baada ya ukame kuwamalizia ng'ombe. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Darasa lake lilijaa mpaka mlangoni, na hakuna aliyewahi kumwambia aulize.

Kuno alikuwa anakijua Kiborana. Tukamwita, tukamtuma kumleta mama wa mtoto. Alikuja na mtungi wake mgongoni, amejaa hofu, anadhani binti kafanya kosa. Tulipomweleza kwamba shule inamwona mtoto kuwa bubu, alitutazama mmoja mmoja, halafu akasema maneno ambayo Kuno alishindwa kuyatafsiri kwa kucheka. Alisema, "Bubu? Nyumbani anatuumiza masikio!"

Kisha akamgeukia mwanawe na kumuuliza yale maswali yetu. Na Tume akajibu. Wewe unakumbuka alivyoinua kidevu. Alihesabu mawe yakaisha, akahesabu vidole vyake, akavigeukia vyako. Akasimulia hadithi ya mbuzi wao aliyezaa njiani wakati wa kuhama, na baba akambeba mtoto wa mbuzi ndani ya shuka yake. Hukuelewa neno hata moja, nami nilielewa machache, lakini ulikuwa unatikisa kichwa na machozi yanakutoka, unasema, "Eeh! Eeh, halafu?" Naye anaendelea kana kwamba umemwelewa.

Wakubwa wetu Nairobi walisema matokeo yake hayahesabiki, kwa kuwa tulivunja kanuni. Hukubishana. Ulisema, "Basi wamwondoe kwenye jedwali. Mimi nilitaka abaki darasani."

Baada ya hapo ulinirudisha kwenye shule zote tulizokwisha kupita, nikinung'unika, tukauliza swali moja ambalo halikuwepo: mtoto huyu kwao wanazungumza nini? Tukawapata wengine. Mvulana wa kutoka upande wa Tana. Mapacha wa Kiborana waliokuwa wanazungumza wao kwa wao tu. Na yule wa hapa Garissa, ambaye kumbe kweli hakuwa akisikia vizuri, na wote walikuwa wamemwita mkaidi. Ukasema itakuwa sura nzima ya ripoti, sura ya watoto walionyamaza, na kwamba kila ukimya una mwenyewe.

Hukuimaliza. Ulianza kusema mgongo unauma. Ukasema ni barabara ya Wajir. Ukaenda kwenu kupumzika wiki mbili, halafu hospitali, halafu ukawa unanipigia simu ukiwa umelala, sauti ndogo, unaniuliza habari za watoto na si habari zangu. Na mimi nilikuwa nakujibu. Nilikuwa na mengi ya kukuambia, Wakesho, nami nikawa nakusomea majina ya shule.

Ndugu yako aliponipigia nilikuwa katikati ya kumpima mtoto. Msichana mdogo, tumefika kwenye picha ya ngamia. Nilisikiliza, nikasema nimesikia, nikazima simu. Nikamaliza na yule mtoto mpaka mwisho, mpaka hadithi, kwa sababu ungenigombeza kama ningemwacha njiani. Nilimwambia umefanya vizuri. Halafu nikaenda nyuma ya tangi la maji na nikakaa chini.

Nilikuja kwenu Wundanyi, mazikoni. Sijui kama waliokufa wanaona. Nilikuwa mtu pekee mwenye buibui jeusi kwenye kilima chenu cha kijani, ukungu umeshuka, natetemeka mpaka meno yanagongana. Sikujua lini nisimame wala lini nikae. Mama yako alinivuta nikakaa karibu naye, akanishika mkono, hakuuachia mpaka walipomaliza kukufunika.

Sasa nikupe habari za kazi.

Wakubwa wa Nairobi walitaka kuiondoa sura yako kwenye ripoti. Hawakuwa na nia mbaya. Walisema haikuwa katika maswali ya utafiti, na aliyeianza hayupo. Niliiandika iliyobaki mwenyewe, kwa Kiswahili changu hiki, nikaomba jambo moja tu: niruhusiwe kuisoma kwenye mkutano wa Wajir. Wakakubali, nadhani kwa ajili yako.

Chumba kilijaa. Walimu wakuu, maofisa wa elimu, wazee wa kamati. Nilisema "fitabu," nikajirudi, nikasema "vitabu," halafu nikaacha kujirudi, nikasoma tu. Nilipofika kwa Tume sikusoma tena, nilisimulia. Nilipomaliza, ofisa mmoja akauliza, kwa adabu, "Mwalimu, mnataka kila mtoto aletewe mwalimu wa lugha yake? Walimu hao tutawatoa wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Ungekuwepo ungekuwa na jibu refu lenye mifano. Mimi nilisema, "Walimu sijui tutawatoa wapi. Lakini kumuuliza mzazi mtoto anazungumza nini nyumbani hakungoji mwalimu mpya. Kunangoja mtu wa kuuliza."

Nikajua nimeharibu. Ndipo akasimama mwalimu mkuu wa ile shule ya Hadado, mtu ambaye hatukumsikia akisema maneno kumi siku zile. Akaeleza kwamba tangu tulipoondoka, mama yake Tume anakaa darasani asubuhi, mwalimu akisema jambo yeye analirudia kwa Kiborana kwa wanaolihitaji, na sasa wanaolihitaji wamekuwa wengi, maana wazazi waliokuwa wamewaficha watoto wao kwenye kambi za mifugo wamewaleta. Akasema, "Mimi nilidhani nina watoto wazito. Kumbe nilikuwa na watoto wageni." Akakaa.

Sitakudanganya, abaayo. Si shule zote. Wapo walimu walioniambia huko ni kudekeza watoto, wangoje Kiswahili kiingie chenyewe kama kilivyowaingia wao. Yule mama anachoka, na hakuna anayejua bado cheo chake kiitweje. Lakini shule kadhaa sasa zinauliza siku ya kuandikisha. Na yule mtoto wa Garissa amepata kifaa cha kusikia. Ameanza kugombana na wenzake, mama yake ananiletea mashtaka, nami nafurahi.

Tume yuko gredi ya pili. Anasoma. Mwalimu amemhamisha kutoka karibu na dirisha kwa sababu anazungumza na kila anayepita nje. Nilipokwenda muhula uliopita alinikimbilia, akatazama nyuma yangu, ndani ya gari, upande wa pili wa gari. Akaniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili chake mwenyewe, "Yule mama ya mawe iko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila mtu isipokuwa yeye. Nikamwambia umerudi kwenu, mbali, mlimani, na kwamba hutaweza kuja tena.

Akafikiri. "Kwao iko mbuzi?"

Nikamwambia wapo. Wengi, wanono. Akaridhika, akanionyesha daftari lake.

Wiki iliyopita mama yako alinipigia. Hunipigia mara kwa mara, kuniuliza kama mvua imefika huku na kama nimeolewa. Safari hii akasema, "Mwanangu, nikuulize kitu usinicheke. Huyu Wakesho wangu, huko kwenu, alikuwa anafanya kazi gani hasa? Pale kaburini walisema mtafiti, mtafiti. Majirani wananiuliza alikuwa anatafuta nini, nami sina la kuwajibu."

Sikumcheka. Nilimwambia mambo haya hayasemeki kwenye simu.

Kwa hiyo nakuahidi hili. Shule zikifungwa nitapanda basi mpaka kwenu. Nitambebea mama yako nyirinyiri, ile nyama yetu ya kukaanga uliyokuwa unaila kwa kijiko ukidhani sikuoni. Nitakaa naye jikoni, karibu na moto, hata siku tatu zikihitajika, nami nitamweleza yote, shule kwa shule, mtoto kwa mtoto. Nitamwambia ulikuwa unavua viatu na kukaa chini mchangani, mpaka mtoto aliyenyamaza akaona hakuna haja ya kunyamaza. Majirani wakija, nitaanza upya.

Kwaheri, abaayo yangu. Mungu akupe kivuli kizuri.

Wako,
Hodhan