Kijana Asiye na Jina

Chuoni, 12 Juni 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu huko Likunja. Miguu ya Bibi inaendeleaje?

Mkuu wa chuo amenipa kazi ya kuandika historia ya chuo chetu cha maofisa wa anga. Nimepata picha ya darasa la kwanza, lililofundishiwa katika uwanja wa ndege wa Nachingwea: vijana saba mbele ya ndege ndogo. Sita wana majina, mmoja hana. Wewe ulikuwa ukifyeka nyasi uwanjani pale. Unamkumbuka? Nina hamu ya kumjua, hujui tu.

Mwanao,
Hafidha

Likunja, 9 Julai 1998

Mwanangu Luteni,

Marahaba. Hatujambo, nimeanza kupulizia mikorosho salfa. Bibi yako anauliza kama jeshini mnapata ugali wa mhogo.

Hao marubani siwakumbuki. Mfyeka nyasi hutazama nyasi. Andika hao sita, inatosha.

Baba yako,
Bashiri

Chuoni, 2 Agosti 1998

Baba,

Shikamoo. Mwambie Bibi ugali upo, ila si kama wake.

Inatosha vipi? Wewe ulinifundisha sehemu zote za ndege kabla sijajua kusoma! Yule kijana amekunja mkono mmoja tu wa shati, wa kushoto, kama wewe. Na jalada la zamani linasema: "Mmoja ameondolewa kwa kurusha ndege chini mno juu ya shamba." Baba, ni wewe?

Mwanao,
Hafidha

Likunja, 20 Septemba 1998

Mwanangu,

Marahaba. Afya zetu njema. Nimechelewa kwa sababu niliogopa.

Ni mimi. Bibi yako nilimwambia nafyeka nyasi, maana angekufa kwa hofu. Siku niliyoruhusiwa kurusha ndege peke yangu nikafika Likunja. Nipite juu ya mama yangu bila kumwamkia? Nikashuka, nikazunguka nyuma ya nyumba, jikoni, mara tatu. Upepo ukaangusha matita ya ufuta aliyoyasimamisha yakauke. Ufuta wote mchangani.

Akatembea siku mbili hadi Nachingwea kumshtaki rubani. Nikakiri kwa mkubwa wangu, nikamwomba asimtajie jina. Akajue kwamba yeye ndiye aliyenifukuzisha? Hapana. Usiliandike.

Baba yako,
Bashiri

Chuoni, 5 Oktoba 1998

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima.

Sitaliandika. Lakini nimelia. Ulikuwa rubani, ukaondolewa kwa malalamiko ya Bibi, naye mpaka leo hajui. Kitabu kinakwenda kupigwa chapa mwezi wa kumi na mbili.

Mwanao,
Hafidha

Likunja, 1 Novemba 1998

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ingawa mimi nimetikisika.

Barua yako ilifika nikiwa Ruangwa sokoni. Bibi yako hana subira na barua ya mjukuu. Akamwita mwalimu Zena amsomee. Nilipofika, Zena ameinama, hajui aangalie wapi. Bibi anachambua mbaazi zake.

Nikasema, "Mama, nisamehe."

Akasema, "Bashiri, nilijua siku ileile. Wewe tu ndiye huwa hukai mpaka umezunguka jikoni kuniamkia. Ufuta ulikuwa kisingizio tu. Mtoto mmoja ninaye, yuko angani! Nilitaka ushuke ungali mzima. Miaka yote hii nimeogopa ukijua utanichukia."

Miaka ishirini na tano, mwanangu, kila mmoja anamficha mwenzake. Tulilia, kisha tukala.

Andika jina: Bashiri Hasani, wa Likunja. Bibi yako anasema na ufuta wake uandikwe, matita kumi na manne.

Baba yako,
Bashiri