Mwiko wa Kuonjea

Jumamosi, 3 Mei
Miguu imevimba. Tumepikia harusi hapa mtaani kwetu, Section 58, sufuria tatu za pilau. Kama kawaida, hakuna aliyepakua hadi nionje chumvi. Miaka kumi na tisa kikundi chetu cha upishi kinaningoja hivyo. Wananitania eti ulimi wangu uko na title deed. Nawapenda hawa wanawake, hata na kelele zao.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekasirika sana. Tulipikia mazishi ya jirani. Nilienda kuchota maji, kurudi nikapata chakula kinapakuliwa. Chebet alikuwa ameonja. Huyu alitoka Olenguruone juzi tu akaolewa hapa, na amesomea upishi. Mama Stella, mwenyekiti wetu, akaniambia, "Mama Kamau, watu walikuwa na njaa. Usifanye iwe kesi."
Pilau ilikuwa tamu. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Jumatatu, 19 Mei
Sijaenda mkutano. Wamepiga simu mara nne. Sikushika. Wakome.

Alhamisi, 22 Mei
Kikundi cha mtaa wa pili wamesikia nimesusa. Wanataka niwe mwenyekiti wao. Nimekubali hata chai haijapoa.

Jumamosi, 31 Mei
Harusi ya kwanza na hawa wapya. Wamenipa kiti chenye mto na leso mpya. Wananiita chairlady. Nikishika mwiko wananinyang'anya. "Wewe keti tu, Mama." Nimeketi masaa matano. Hakuna aliyenitania. Sahani ililetwa ikiwa imefunikwa. Pilau haina chumvi. Nimekula yote na hakuna mtu ameniuliza. Nikajificha chooni, nikalia kidogo.

Jumatano, 4 Juni
Chebet amekuja na mursik, maziwa lala ya kwao. Hakuomba msamaha. Aliketi kwa stuli akanimenyea vitunguu, akasema wanapika Jumamosi, harusi ya binti wa Mama Stella. Akaosha kisu akaenda.
Msichana ana adabu. Inaniudhi.

Jumamosi, 7 Juni
Jana niliwaambia wa mtaa wa pili watafute mwingine. Leo nimevaa aproni yangu ya zamani. Mama Stella hakusema karibu. Alinisukumia gunia la karoti nikwangue, nikajua nimerudi nyumbani.
Saa saba Chebet akaniletea mwiko. Sufuria zimefunikwa, wageni wanangoja. Nikaonja. Chumvi ilikuwa sawa kabisa. Nikamwambia aongeze kidogo.
Akatia mkono kwenye pakiti ya chumvi, akautoa mtupu, akanyunyiza, akakoroga polepole.
Nilimwona. Nikaonja tena, nikasema sasa iko sawa.