Nilijifunika Uso kwa Karai

Mtito Andei,
nyuma ya gereji ya Mutinda

Mama Mutinda,

Pokea salamu za mume wako aliye mbali, ambaye ni kijana akiketi na mzee akisimama. Goti lako linaendeleaje? Na ng'ombe ameacha kukupiga teke, ama bado ananiulizia? Mvua imefika Matinyani, ama imepitia kwa majirani tena? Huku kwetu ni jua na vumbi la malori. Mimi ni mzima, isipokuwa sehemu moja ya mwili, na sehemu nyingine ambayo si ya mwili. Nitazifikia zote mbili, usinikimbize.

Najua unashangaa kwa nini barua. Simu iko, lakini yako inashikwa na kila mtu kwa hiyo nyumba, na yangu inapiga kelele mpaka fundi wa ng'ambo ya barabara anajibu. Haya si maneno ya kupigia kelele. Utashangaa pia Kiswahili. Nilijaribu kwa Kikamba nikatoka jasho. Kwa Kikamba maneno haya yamenipata mimi. Kwa Kiswahili ni kama yamempata mzee mwingine, na mimi nimempitia tu njiani nikamcheka. Huyu mnunuzi wa ndengu anayekuletea nimemkataza kufungua, na bahasha nimeibandika kwa gundi ya pancha, kwa hivyo tumia kisu. Soma ukiwa peke yako.

Kwanza habari njema, ndio moyo wako ulainike. Gereji inaenda vizuri. Kazi yangu ni ileile, kuketi kwa kiti, kuchunga spana, na kuwaambia madereva kwamba tairi zao zina upara kunishinda mimi. Mjukuu wako mwenye jina langu ameota meno ya juu na ananijaribia nayo. Mama yake, huyu Mwende wetu, ni wa adabu za zamani. Jina la baba mkwe halitoki kinywani mwake, kwa hivyo mtoto hamwiti Nzioka, anamwita Mzee. Ploti nzima inasikia, "Mzee amekojoa, Mzee amekula mchanga," na vijana wa gereji wananigeukia. Nimezoea.

Sasa maneno yenyewe. Unakumbuka siku ninaondoka, ulinifuata na fimbo mpaka barabarani, nikakwambia fimbo ni ya wazee. Basi.

Bafu la hapa ni mabati pande tatu na mlango usiofika chini. Sakafu ni simiti, laini kama kichwa cha mzee wa kanisa. Jumamosi moja mchana Mutinda na vijana wake walikuwa wameitwa kwa lori lililopasuka tairi upande wa Tsavo. Nikaingia kuoga. Nikajipaka sabuni kutoka juu mpaka chini, nikiimba. Mguu mmoja ukaenda Mombasa, mwingine ukaenda Nairobi, mimi nikabaki hapa katikati, chali.

Nyonga ikakataa. Nikijaribu kugeuka, naona nyota na jua liko juu. Kuita sikutaka, kwa sababu aliyekuwa karibu ni Mwende peke yake, anapepeta ndengu mlangoni. Unajua tulivyolelewa. Mimi na mke wa kijana wangu, nikipita anasimama kando, akinipa kikombe anainamisha macho, na mimi pia nainamisha yangu. Ile nthoni. Kwa Kiswahili wana neno aibu, halafu wana lingine, heshima. Sisi tulizipika kwa chungu kimoja. Basi nikaendelea kuimba ule wimbo wa kanisa, kwa nguvu zaidi, nikitumaini mwanaume yeyote aliyeokoka atapita.

Aliyesikia ni Mwende. Akaja akasimama nje.

"Baba, umerudia ubeti mmoja tangu nianze hizi ndengu. Uko sawa?"

"Niko sawa. Ninaabudu."

"Unaabudu umelala? Naona mguu wako chini ya mlango."

"Ngoja Mutinda."

"Mutinda hatarudi mpaka jioni."

"Basi nitaabudu mpaka jioni."

Nikasikia amevuta pumzi. Akasema, "Baba, nisamehe. Naingia."

Sasa nitakuambia nilichofanya, na wewe uliyenijua nikiwa na nywele usicheke kabla ya kufika mwisho. Nilichukua karai nikajifunika uso. Niliona hivi, kama simwoni, hanioni. Mjukuu wako hufanya vivyo hivyo kwa leso ya mama yake, na sisi sote tunasema amepotea.

Mwende alinitupia leso kwanza. Kisha akachota maji akanitoa sabuni, maana ilikuwa imeanza kukauka na kunichoma, akanishika kwapani, akaniinua kama gunia la ndengu mpaka kitandani. Mimi niko ndani ya karai kama Yona ndani ya samaki. Nilisema asante, lakini ilibaki mle ndani yote, ikanirudia masikioni. Mikono yake haikuwa na haraka wala kinyaa. Hiyo ndiyo ilinimaliza, Mama Mutinda. Angenicheka, ningepona.

Mutinda aliporudi nilimwambia nimejikwaa kwa tairi. Mwende alikuwa amesimama pale na sufuria mkononi. Hakunisahihisha. Kliniki walinifinyafinya wakasema mfupa haujavunjika, umekasirika tu.

Baada ya hapo nikashindwa kukaa na macho yake. Akiingia, natoka. Akileta chakula, nasema na mtoto: "Mzee mwenzangu, mwambie mama yako nimeshiba." Halafu naenda kwa hoteli ya madereva, nakula chapati na maharagwe, na hazishuki. Nilijiambia ni heshima. Nilijiambia namsaidia asilazimike kuniona na kukumbuka.

Juzi Mutinda akavuta kiti.

"Baba, nataka kukuuliza kama mwanaume."

"Uliza kama mtoto, itakuwa rahisi."

Hakucheka. "Mwende amekukosea nini? Chakula chake huli. Analia akiosha vyombo, na nikimuuliza anasema hajui. Anataka kwenda kwao, mji wa Wote, na mtoto, mpaka hasira yako iishe."

"Hakuna hasira."

"Basi kuna nini?"

Nikaangalia tairi. Nikaangalia nyingine. Hakuna tairi iliyonisaidia.

Mwende hakumwambia, unaelewa? Mume wake mwenyewe hakumwambia. Amebeba aibu yangu kimya kama vile alivyonibeba mimi, na mimi niliyebebwa nikamwacha aonekane mkosaji ndani ya nyumba yake. Siku ile ya bafu niliona haya kama mtu aliyeonekana. Hii ilikuwa haya nyingine. Hii hata karai haingeifunika.

Jana asubuhi begi la Mwende lilikuwa mlangoni, zipu imefungwa. Alikuwa nje anamwosha mtoto, kwa karai lile lile. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, napanga nati zilizokuwa zimepangwa. Nikasikia maji yamemwagika, halafu Mwende anasema polepole, "Mzee. Simama hapo hapo, Mzee."

Nikadhani ni mimi. Nikasimama, nikageuka.

Mtoto alikuwa nje ya karai, uchi, sabuni mwili mzima, hakuna aliyemshika. Akapiga hatua. Akapiga nyingine, kama mlevi aliyemwona mchungaji. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, meno yote nje, sabuni inamwingia machoni, na hana aibu hata ya kuazima. Akanikamata suruali. Kwa hivyo, nyanya yake, mjukuu wako ametembea. Mutinda alitaka kukupigia simu, nikamwambia habari hiyo ni yangu, mtoto alikuja kwangu.

Lakini sikuwa nimemaliza. Nilimbeba kumrudisha kwa maji, na mama yake ndiye yuko hapo kwa maji. Mwende akamchukua, macho chini, akaanza kumsema mtoto kwa sauti ya kusikika na watu wazima.

"Mzee, watu wa jina lako mkoje? Tangu siku ya kwanza nakuosha, nakufunga leso, nakubeba, hujawahi kuninunia. Leo ama kesho ukininunia, nitajua nimekosa wapi?"

Ndiyo njia yangu mwenyewe hiyo, alinirudishia. Nikaitumia tena. "Mzee mwenzangu, mwambie mama yako hakukosa kitu."

Akammwagia mtoto maji kichwani. "Mwambie babu yako aniambie mwenyewe."

Mama Mutinda, nimewahi kuposa. Wewe unajua, ulinisimamisha kwa baba yako tangu asubuhi mpaka mbuzi wanarudi. Haikuwa ngumu hivi. Nilimwangalia usoni. Nikamwita jina lake, na sikuwa nimewahi.

"Mwende. Hukunikosea. Ulinisaidia, nami nikakulipa kwa kununa. Mutinda nitamwambia mwenyewe."

Aliinamisha uso kwenye karai kana kwamba anatafuta sabuni, mabega yakawa yanatikisika, nami nikaogopa nimemliza tena. Alikuwa anacheka.

"Baba," akasema akiwa bado mle ndani, "siku ile ulisema nini ndani ya hii karai? Sikusikia."

"Nilisema asante."

"Haya." Akajipangusa macho kwa leso. "Leo ni muthokoi. Utakula nyumbani ama kwa madereva?"

Nilikula nyumbani. Begi liliondoka mlangoni, sikuuliza lilikoenda. Jioni nilimwambia Mutinda yote, hata wimbo. Aliangalia tairi, kama babake.

Sasa ombi. Wazee wetu walikuwa na njia ya kumaliza kitu kama hiki, mbuzi na blanketi, mambo yanaisha na watu wanakula pamoja. Nakuomba uje nayo wewe mwenyewe, yule mbuzi jike mwenye sikio jeupe, na blanketi nzuri, si ile ya mbwa. Umpe Mwende mkononi. Mchungaji akisema ni mambo ya kale, mwambie ni zawadi ya mtoto kutembea. Hutakuwa umedanganya sana.

Msalimie mchungaji huyo, mwambie bado naimba, asiulize wapi. Msalimie dada yangu Kalekye, na kwa kuwa hajawahi kutunza siri, usimwambie chochote. Msalimie jirani yetu mwenye punda, na punda. Msalimie binti yetu akija Jumapili, mwambie ule uji aliokuwa akinisihi ninywe sasa nakunywa.

Na ile fimbo. Iko nyuma ya mlango wa jikoni, pale ulipoirudisha ukiwa na hasira. Ilete pia. Tumekuwa wawili wa kushikwa mkono hapa, na mwenzangu ameanza kunishinda.

Ni mimi mume wako,
Nzioka, yule mkubwa