Mshale wa Fezi ya Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimewashinda! Miezi mitatu ya kupigana na kamati ya kongamano la umeme — barua nne, makala mbili gazetini, na katika moja nilimwita mwenyekiti mlinzi wa makaburi. Walitaka wanafunzi wabandike mabango yao kwenye korido tu, karibu na vyoo. Sasa mmoja atapanda jukwaani Alhamisi, dakika kumi na tano. Binti wa marehemu dada yangu. Chuoni ananiita Mwalimu, nyumbani Mjomba.

Mwenyekiti kanipigia simu. Haya, umeshinda, ila mtoto wako akiboronga, wanafunzi wanarudi korido na sitaki kukusikia tena. Nikamwambia aandae masikio.

Utafiti wenyewe: mchana, paa zenye sola mtaani kwetu zinarudisha umeme kwenye transfoma kupitia fezi ya tatu, mmoja wa nyaya tatu za umeme zinazolisha mtaa. Hapa hakuna aliyewahi kuupima. Safi kabisa!

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua vipimo vyote nimtafutie maswali ya kumchachafya. Hata vya usiku, ambavyo mimi ndiye niliyemwambia aviache ili makala yake isizidi kurasa sita.

Saa nane za usiku, umeme unarudi. Sola gani hiyo — ya mwezi?

Nimeketi. Nimesimama. Nimeketi tena. Klempu ya kupimia ilifungwa kinyume, basi! Ndiyo maana kila namba ina alama ya kutoa. Na sikumwachia mpwa wangu aifunge. Niliifunga mwenyewe, huku nikibishana na fundi wa maabara kuhusu uchaguzi wa chama cha wahadhiri. Akasema, Mwalimu, mshale wa klempu uelekee kwa wateja. Nikamjibu nimeufundisha mshale huo kabla hajaota ndevu.

Hakuna umeme unaorudi. Hakuna utafiti.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda maabara kumwambia. Alikuwa akifanya mazoezi mbele ya wenzake, wamekaa juu ya meza, wanamtania: "Profesa, punguza mikono, huongozi magari!" Akaniona. "Mjomba — samahani, Mwalimu — dakika kumi na nne na nusu!"

Nikasema vizuri sana.

Miaka ishirini nawaita wengine waoga, kwa maandishi.

Alhamisi, 7 Agosti

Ukumbini, safu ya tatu. Naandika nyuma ya ratiba. Asubuhi nilimwahi mlangoni, nikasema nina neno. "Baadaye, Mjomba. Ukinisemesha sasa nitasahau mwanzo." Nikaona nafuu. Nafuu!

Amezungumza vizuri kupita sisi sote. Makofi. Kisha mhandisi mmoja mzee, mpole — hata sababu ya kugombana naye sina — akauliza: "Binti, na usiku je?"

Ameinamia karatasi zake. Nimemwona akielewa: ameshtuka kama aliyegusa waya.

Mzee anauliza tena, taratibu. Hiyo klempu alifunga nani?

Amenitazama. Sekunde moja tu.

"Mimi, mzee," anamjibu.

Nimenyoosha mkono. Mwenyekiti anacheka kwenye maikrofoni: "Mwalimu, leo hapana. Hotuba zako tumeshazisoma." Ukumbi mzima unacheka. Nimesimama. Anasema keti. Mpwa wangu pale jukwaani ananitikisia kichwa — nisiseme. Ratiba nimeiegemeza kwenye kiti cha mbele, mkono wa kushoto bado uko juu, na mwenyekiti anaita swali linalofuata —