Matanga ya Aliye Hai

Hobart, Kisiwa cha Van Diemen
10 Novemba 1844

Mama yangu mpendwa,

Mungu na Mariamu wawe nawe, na wote wanaoota moto wako. Mimi ni mzima. Kikohozi cha melini kilipona, ila mikono imechubuka kwa magadi, maana hadi juzi juzi nilikuwa nafua nguo za mji mzima kule jela ya wanawake. Wewe u hali gani? Mguu je? Ng'ombe anatoa maziwa? Na mwanangu Nábla, meno ya mbele yameota upya?

Sasa habari yenyewe. Nimepata cheti cha ruhusa. Bado ni mfungwa, lakini natafuta kazi mwenyewe. Naoka mikate kwa mjane mmoja mwenye ulimi mkali kama wako, ndiyo maana tunaelewana. Na mfungwa mwenye mwenendo mwema anaruhusiwa kuomba mtoto wake aletwe kwa nauli ya serikali. Nimeomba. Hakimu wa Macroom atakuita.

Mama, nipe mwanangu. Nilimwacha ana miaka mitatu, ameng'ang'ania shali yangu mpaka askari akamfungua vidole. Mwalimu Scannell akikusomea haya, msalimie.

Binti yako,
Onóra


Muskerry, Kaunti ya Cork
2 Juni 1845

Mwanangu Onóra,

Barua imefika, na nimefurahi kusikia u mzima. Sisi tunasukuma siku. Mguu ni ule ule, ng'ombe amezaa. Mwalimu ndiye anayeandika, na nimemkataza kupamba maneno yangu.

Hakimu aliniita. Nimemwambia mtoto haendi. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Ulipochukuliwa, Nábla alikuwa anakimbilia njia panda kila asubuhi kukungoja, na jioni tunambeba amelowa chapachapa. Hali wala halali. Unajua hapa kwetu anayevuka bahari tunamkalia matanga kabla hajaondoka, tunamlilia kama maiti, kisha anabeba mzigo wake anakwenda. Wewe hukupata matanga yako, askari walikuwahi. Basi nikakuwekea baadaye. Majirani walikuja, tumbaku ikawekwa mezani, na Peig, yule anayeitwa kulia misibani, akakulilia kwa jina lako na la babu zako. Mtoto alikuwa mapajani mwangu, akasikia yote. Kesho yake hakwenda njia panda. Alikula viazi viwili.

Watu wazima tunajua kilio cha msafiri si kilio cha maiti. Mtoto wa miaka mitatu atajuaje? Sikumwambia umekufa. Nilimwona ametulia, nikanyamaza. Sasa kila akisali anakutaja pamoja na marehemu wa nyumba hii. Nimweleze nini? Niachie huyu, mwanangu. Nimebaki naye peke yake.

Mama yako,
Gobnait


Hobart
20 Januari 1846

Mama,

Natumai u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Siku niliposoma barua yako nilitia chumvi mara mbili kwenye unga. Mjane akaonja, akauliza, "Onóra, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo, nimefiwa na mimi mwenyewe. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Nimekukasirikia, nasema wazi. Ila nikiikumbuka mvua ya kwetu, na mtoto pale njia panda, sijui mimi ningefanya nini. Asante kwa vile viazi viwili.

Hapa mwanamke akizalia jela, mtoto akiachishwa ziwa tu wanamchukua, wanampeleka nyumba ya yatima. Jumapili wanapita wawili wawili kwenda kanisani, na mama zao wanasimama kandokando wakitafuta sura. Mimi nami husimama nao, na wangu hayumo. Mwambie, mama. Hata ukimzuia, mwambie. Sitaki kuombewa pamoja na marehemu.

Binti yako, aliye hai,
Onóra


Muskerry
15 Novemba 1846

Mwanangu,

Mungu akuweke. Viazi vimeoza tena, mwaka wa pili huu, shamba zima linanuka. Ng'ombe nimemuuza. Mguu usiuulize.

Nimemwambia. Tulikuwa kisimani. Nikasema, "Mama yako yu hai, anaoka mikate ng'ambo ya dunia." Akanitazama, akasema, "Bibi, hiyo ni njaa inakusemesha." Nikaapa kwa Bikira. Akauliza, "Basi tulimlilia nani?" Tangu hapo ananigeuzia mgongo tukilala.

Nimekwenda kwa hakimu kwa miguu. Mtoto ataondoka Dublin baada ya Krismasi, katika meli ya wafungwa wanawake. Nimemwambia bibi atafuata. Huo ni uongo wangu wa pili, utausafisha wewe, mimi nimechoka. Asipokuamini usimlazimishe. Anapenda kukunwa mgongo kabla ya kulala, lakini hatakuomba.

Serikali hailipii nauli ya bibi. Niliuliza.

Mama yako,
Gobnait


Hobart
3 Septemba 1848

Mama yangu mpendwa,

Mungu na Mariamu wawe nawe. Hii ni barua ya tatu tangu Nábla afike, na hujajibu hata moja. Kama Mwalimu amehama, mpelekee padri akusomee.

Kifungo changu kimekwisha, niko huru. Mtoto amenenepa. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akauliza, "Wewe ndiye unayesema ni mama yangu?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mama yangu mimi nilimlilia." Sikumlazimisha. Nilimkuna mgongo kila usiku, naye mwaka mzima akaniita "wewe".

Jana nilikuwa mbele ya tanuri nikasikia uani, "Onóra! Maji yanachemka, au tunamngoja Baba Mtakatifu aje aepue?" Sauti yako, mama, na maneno yako. Nilitupa koleo nikatoka mbio nikijua umefika. Kumbe ni Nábla, mikono kiunoni, anamchekesha mjane kwa kuniita kama wewe. Akaniona uso. Akaelewa nilimkimbilia nani.

Akasema polepole, "Bibi hatakuja, sivyo?"

Nikamwambia huenda, meli ni nyingi.

Akanishika aproni. "Mama," akasema, "na wewe usinidanganye."

Basi nikamwambia ukweli, kwamba hakuna atakayekulipia nauli, na kwamba ulijua hivyo ulipoagana naye. Alilia hadi jioni, na safari hii alilia kifuani kwangu. Nilikuwa na furaha na huzuni kwa pamoja, na nimeona haya kwa ile furaha.

Tuandikie, mama. Kama huwezi, yeyote aliye karibu nawe atuandikie.

Binti yako,
Onóra