Mama Hamisi Anatafutwa

Shangazi Mwanahamisi,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini wewe ndiwe uliyenifunza nisitangulize neno mbele ya salamu.

Tangu tukuzike, vyumba vyako viwili vya wageni hapa Tiwi vimekaa vitupu. Nafagia, natandika, natandua. Ami Bakari, nduguyo, alisema wageni wasipopatikana kabla ya Ramadhani, nyumba iuzwe. Sikumlaumu; nyumba isiyo na watu huliwa na mchwa. Ila nililia, Shangazi. Ndimo ulimonilea alipofariki mama.

Nikaenda Ukunda kwa Mwangi, yule kijana wa bara mwenye duka la kompyuta. Akatutengenezea tovuti yenye picha ya baraza na kisima. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi, kisha wiki zikapita na hakuna aliyepiga hodi. Mwangi akanieleza kwamba mtu wa Ulaya akitaka pa kufikia huandika maneno kwenye kompyuta, nayo humletea tovuti zenye maneno hayo. Sisi tulikuwa tumeweka "hoteli", "pwani", "Kenya", yale yale ya mahoteli makubwa ya Diani.

"Hapo tumemezwa, buda," aliniambia. "Hebu fikiria, mtu akiwatafuta nyinyi ataandika nini?"

Nilirudi nikakalia mbuzi yako ya kukunia nazi, nikawaza mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo nikakumbuka. Wageni wako hawakuweza kutamka Mwanahamisi. Walikuita Mama Hamisi, nawe hukujaaliwa mtoto. Nilikuwa nikikutania, "Huyo Hamisi yuko wapi, mbona kuchota maji nachota mimi Salimu peke yangu?" Nawe ukicheka, ukinijibu, "Waache, mwanangu. Mungu hakunipa, wageni wamenipa."

Siku moja nilikusikia jikoni ukijiita hivyo, polepole, ukidhani hakuna mtu. Nilipita kimya kimya.

Basi nikamwambia Mwangi aweke: Mama Hamisi. Na Mama Amisi pia, maana Waitaliano "h" huimeza. Akashangaa, "Si umesema ni makosa?" Nikamjibu kwamba makosa haya yana wenyewe.

Juzi ikaingia barua pepe. Ni Rosa, yule mwalimu Mtaliano wa chumba cha mlango wa buluu, aliyekuwa akikuvizia mbaazi na mahamri kabla hujapakua. Alikuwa akikutafuta muda mrefu kwa jina hilo, na hana jingine. Ilibidi nimwandikie kwamba umetangulia mbele ya haki. Nilianza, kisha nikamwomba Mwangi amalizie. Rosa akajibu kwamba atakuja vile vile, na dada zake, wakuzuru kaburini. Vyumba vyote viwili vimejaa. Ami Bakari alisomewa, kisha akauliza kama ule mlango hautaki rangi mpya. Habari za kuuza hakuzitaja tena.

Jibu hilo la Rosa lilianza, "Mpenzi Hamisi." Alidhani ndiye mimi. Nilianza kumsahihisha, nikaandika Salimu, halafu nikafuta.

Shangazi, mlango wako sitaufunga maadamu mikono yangu ina nguvu. Jina lile sitaliondoa. Na mgeni akiniuliza Mama Hamisi alikuwa nani, nitamwambia alikuwa mama yangu.

Mola akupanulie makao yako, upumzike.

Mwanao,
Hamisi